Utani Wenu Haujampunguzia Mtu Hata Kilo Moja

Leo hakuna video. Leo ni kusoma.

Wengi humu mnanijua kwa jina moja tu: Bonge wa Junda. Jina hilo nilijipa mwenyewe, na hapo ndo shida ilipoanzia. Miaka miwili nimekaa mbele ya simu nikala. Biryani sahani tatu kwa dakika kumi. Viazi karai hamsini bila kunywa maji. Chipsi za kujaza beseni. Nyinyi mkicheka, nami nikicheka, na mwenye hoteli akinitumia elfu tatu na chakula juu.

Jana usiku nimezifuta zote. Video 31. Ile ya viazi karai ilikuwa imetazamwa zaidi ya mara laki mbili. Nayo nimefuta.

Kufikia asubuhi mshaanza kuniandikia. "Bonge, umeokoka?" "Umepata mchumba nini?" "Ama ushaanza jimu?" Hapana, hapana, na hapana. Ngojeni niwaeleze kwanza, halafu tutagombana kidogo.

Dadangu mdogo ana miaka 14. Jina lake silitaji, na atakayelitaja kwenye komenti nitamfuta. Shuleni hawamwiti kwa jina lake. Wanamwita "Dada Bonge". Na si mnene hata, miguu yenyewe kama mti wa kuangulia maembe. Lakini aliona kakake anavyochekwa na nchi nzima, akajiambia: zamu yangu yaja.

Akaacha kula. Usiku tukikaa mkekani anapakua kama kawaida, anauchezea wali, kisha anatoka nje na sahani. Sisi twajua anaenda kuiosha. Kumbe anayekula ni paka wa jirani. Yule paka alinenepa mpaka tukawa twamfanyia mzaha, huyu ameolewa na tajiri. Paka tulimwona. Mtoto anavyokonda hatukumwona.

Mwezi wa pili akaanguka gwarideni. Mamangu akasema ni jini, akasomewe. Mamangu simlaumu, kusomewa hakujamdhuru mtu. Lakini usiku ule mtoto alinifuata jikoni, akasimama mlangoni, akaniambia pole pole: "Kaka, mimi sitaki kuwa kama wewe."

Hakuwa ananitukana. Alikuwa analia. Alikuwa ananipa siri yake.

Nimetukanwa humu kwa kila lugha ya pwani na bara. Hakuna komenti iliyonichoma kama hiyo.

*

Sasa niwape yale ambayo kamera haikuonyesha.

Babangu alikuwa akifanya kazi kwenye depo ya makontena kule Changamwe. 2019 mizigo ikawa inapandishwa treni moja kwa moja mpaka Nairobi, kazi ikapungua, depo ikafunga, mzee akarudi nyumbani kukaa barazani. Mwaka huo huo mimi nilifanya mtihani wa kidato cha nne. Alama za chuo nilipata. Karo sikupata.

Hapo ndo nikaanza kula usiku. Si njaa, sikilizeni vizuri. Watu wakishalala naingia jikoni, siwashi taa, nakula mkate mzima kwa chai ya vijiko vitano vya sukari, nimesimama wima kama mwizi. Mkate ukiisha, kile kitu kinachonibana kifuani kinalegea dakika kumi. Kisha chaja tena, na aibu imekaa juu yake. Na dawa ya aibu nilikuwa naijua moja tu: mkate mwingine.

Kutoka kilo 79 nikafika 118. Mimi urefu wangu ni mita 1.74. Ukichukua kilo ukagawa kwa urefu, ukagawa tena kwa urefu, ndo hesabu ya BMI, na yangu yaja 39. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi. Kuanzia 30 wanaita unene wa kupindukia. Mimi niko huko ndani kabisa, karibu na jikoni.

Mtaani nikawa siwezi kupita. "We Bonge, tuktuk itainama hiyo!" Nikaona afadhali nijicheke mimi kabla hamjanicheka nyinyi. Nikanunua stendi ya simu. Mengine mwayajua.

Hoja yenu naijua, manake hata mimi nilikuwa nayo: "Sisi twamtania ili ashtuke. Akiona aibu atapunguza." Yaani kejeli ni dawa. Chungu, lakini dawa.

Haya. Dawa hupimwa. Na hii imepimwa.

Marekani kuna watafiti wawili, Angelina Sutin na Antonio Terracciano. Walichukua takwimu za watu zaidi ya 6,000, wakaangalia hali zao 2006, wakaangalia tena 2010. Wakawatazama wale ambao mwanzoni hawakuwa na unene wa kupindukia. Miongoni mwao, waliosema wanabaguliwa kwa sababu ya uzito walikuwa na uwezekano wa mara mbili na nusu hivi wa kufikia unene huo miaka minne baadaye, kuliko ambao hawakubaguliwa. Soma tena polepole. Waliosimangwa walinenepa zaidi.

Mwanasaikolojia mwingine wa kule kule, Janet Tomiyama, akaeleza 2014 jinsi hili linavyozunguka. Ukimwaibisha mtu, mwili unaingia kwenye mfadhaiko. Mfadhaiko unamwaga homoni inayoitwa kotisoli, na hiyo inachochea kula, hasa vya sukari na mafuta. Mtu akila ananenepa. Akinenepa mnamcheka. Mkimcheka... mshafika. Yule mama hajawahi kufika Junda, hajui jikoni kwetu kuko upande gani, lakini amenichora mimi na mkate wangu gizani kama vile alikuwa dirishani.

Na mtu asiniambie kwamba akili na uzito ni vitu mbalimbali. 2010 kundi la watafiti wa Uholanzi, Floriana Luppino na wenzake, walikusanya tafiti 15 zilizofuatilia watu zaidi ya 58,000 kwa miaka. Wakakuta njia inapitika kwenda na kurudi. Mwenye unene wa kupindukia alikuwa na hatari ya asilimia 55 zaidi ya kupata sonona baadaye, ile huzuni nzito inayokaa wiki baada ya wiki. Na mwenye sonona alikuwa na hatari ya asilimia 58 zaidi ya kuja kunenepa hivyo. Mlango mmoja, wa kuingilia na kutokea. Nyinyi mmesimama mlangoni mnasukuma watu ndani, kisha mnauliza mbona hawatoki.

*

Najua nani anakuja sasa. Mzee wa "ni tamaa tu". Kila mtaa anaye. "Sisi zamani tulikuwa twala mihogo na maji, hatukuwa na vitambi. Nyinyi vijana hamjui kujizuia."

Shikamoo mzee. Njoo tutembee Junda mimi na wewe, saa moja tu.

Tuanze asubuhi. Mamangu hutoka saa kumi na moja alfajiri kwenda kufua nguo za watu Nyali. Mbaazi zataka saa na saa juu ya jiko la makaa. Atazipika saa ngapi? Mahamri yako hapo kona, shilingi kumi moja, ya moto. Ukila manne na chai ya sukari ushapata asubuhi yako kwa hamsini. Mchana viazi karai, kachiri, bhajia, au chipsi za hamsini zilizokaangwa kwa mafuta yaliyokuwapo tangu juzi. Tufaha moja ni arobaini na halimshibishi mtoto. Utaniambia Kongowea vitu ni rahisi. Ni kweli, mchicha na mapapai ya Kongowea ni rahisi, kwa mwenye nauli ya kwenda na kurudi na friji ya kuwekea.

Maji. Huku maji ya mfereji yakitoka ni habari, watu wanaitana. Kisima maji yana chumvi. Ya kunywa wanunua kwa mtungi, na siku za shida bei inapanda. Soda haijawahi kukosekana dukani hata siku moja. Na soda ya nusu lita ina sukari ya gramu 50 hivi, vijiko 12. Shirika la Afya Duniani lilisema 2015 mtu mzima asizidishe hapo kwa siku nzima, na akiweza ashuke mpaka 25. Chupa moja, umemaliza siku. Bado chai.

Mazoezi? Uwanja tuliochezea mpira nikiwa darasa la tano sasa una ukuta na geti. Barabarani taa hazipo. Na mzee, wewe mwenyewe wajua Kisauni hii imeteswa na vijana wa mapanga. Sisemi kila siku, wala sisemi kila kona. Lakini mamangu hakubali nitoke kukimbia jioni giza likianza kuingia, na wa kwako hakubali pia. Kule ng'ambo kuna jimu zina viyoyozi, na ada ya mwezi ni kodi ya nyumba yetu.

Sasa niambie. Haya yote ni tamaa yangu?

Na si Junda tu. Ule uchunguzi mkubwa wa afya ya jamii unaofanywa nchi nzima ulikuta 2014 kwamba wanawake 33 kati ya 100 wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene wa kupindukia. 2022 wakahesabu wa miaka 20 hadi 49, wakapata 45 kati ya 100. Umri si ule ule, kwa hivyo msilinganishe kama mizani ya duka, lakini mwaona upepo wavumia wapi. Wanaume wa umri huo ni 19 kati ya 100. Ina maana wanawake wa Kenya walikaa kikao wakapatana wawe na tamaa? Tuwe na akili bana.

Nairobi, taasisi ya APHRC ilipima watu wa Korogocho na Viwandani, mitaa ya mabati, 2008 na 2009. Kati ya watafiti hao alikuwa daktari Catherine Kyobutungi kutoka Uganda, ambaye baadaye alikuja kuiongoza taasisi yenyewe. Huko kwa maskini kabisa, walikuta zaidi ya wanawake 4 kati ya 10 wana uzito uliozidi. Wale tunaowadhania wana njaa. Nao wana njaa kweli, njaa ya mboga na matunda na samaki. Tumbo limejaa unga na mafuta kwa sababu unga na mafuta ndo vinavyonunulika.

Watafiti hao waliwaonyesha watu michoro ya miili, mdogo mpaka mkubwa, wakawauliza: wewe ni upi, na ungependa kuwa upi? Wapo wengi waliojiona wadogo kuliko walivyo, na wapo waliotamani mwili mkubwa. Nilipoisoma hiyo niliona pwani yetu moja kwa moja. Msichana hajaolewa akinenepa kidogo, "jichunge, nani atakuoa?" Akiolewa akinenepa, "mashallah, umenawiri, mume anakulisha." Akikonda, "una nini, mbona umeisha hivo?" Mwili ni mmoja, hukumu tatu, na mahakimu ni wale wale wa barazani. Wasichana wa mtaani kwetu wananunua siropu za kuongeza hamu ya kula ili wapate makalio, wenzao wananunua chai za kuharisha ili wapoteze tumbo. Nimewaona wakikutana duka moja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeulizwa na mtu: wewe mwenyewe wajisikiaje?

*

Sasa nigeukie upande wa pili, kwa sababu na nyinyi mpo, na mlidhani leo mmepona.

Nyinyi ni wale wa "mwili wangu, raha yangu, uzito ni namba tu". Nimefurahi mlinitetea. Kweli, nawashukuru, wengine wenu mlinizuia nisifanye upuzi usiku fulani. Lakini presha haisomi komenti. Sukari haiangalii una wafuasi wangapi. Ami yangu alikatwa mguu kwa sababu ya sukari, na alikuwa mtu wa furaha kuliko nyinyi wote. Mimi nina miaka 24 na nikipanda ghorofa mbili nasikia moyo masikioni. Mkiniambia niko sawa mnanidanganya kwa upendo, na mimi nimechoka kudanganywa, hata kwa upendo.

Msimamo wangu ni huu, na msiupinde: unene wa kupindukia ni hatari kwa afya, na kumkejeli mtu mnene ni hatari kwa afya yake pia. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja. Kama kichwa chako hakiwezi kubeba mambo mawili, kibebe pole pole.

Niliamua kwenda kujipima. Nilienda zahanati moja, sitaitaja. Foleni ndefu, watu wamekaa kwenye mabenchi. Nikapanda mzani, yule mhudumu akatangaza kilo zangu kama anatangaza matanga, kisha akasema mbele ya watu, "Wewe dawa yako ni kufunga mdomo." Watu wakacheka. Mmoja akanitambua, akatoa simu.

Presha alinipima, namshukuru. Lakini hakuniuliza nalala saa ngapi. Hakuniuliza nakula nikiwa na nani. Hakuniuliza nyumbani kuna nini. Dakika tatu nikawa nje. Na nikitoka pale nilienda wapi? Nilienda kwa muuza viazi karai. Mwajua sasa kwa nini.

Kuna mtafiti Mwaustralia, Felice Jacka, kazi yake ni chakula na afya ya akili. 2017 alitoa matokeo ya jaribio lake. Watu 67 wenye sonona, wengi wao washakuwa kwenye matibabu. Nusu wakakutanishwa na mtaalamu wa lishe, nusu wakapewa mtu wa kukaa nao tu na kuzungumza. Wiki 12. Wale wa lishe hawakuambiwa wafunge mdomo. Hawakuwekwa kwenye dayeti ya kupunguza kilo. Walisaidiwa kuongeza samaki, maharagwe, mboga, matunda, na kupunguza vya kukaanga na vya sukari. Mwisho, katika kundi la chakula watu 32 kati ya 100 sonona yao ilikuwa imetulia kabisa. Katika kundi la mazungumzo, 8 kati ya 100.

Na kilo zao? Hazikubadilika. Umeona hapo? Akili ilipata nafuu kabla mzani haujasema lolote. Nyinyi mnanisubiri nikonde ndo mnihesabu mzima. Huenda napona kuanzia juu.

Msinishike maneno. Watu 67 si wengi, na kila mmoja alijua yuko kundi gani. Wala Jacka hakupima mbaazi za Junda. Sisemi ukiwa na sonona ule mchicha uache dawa, atakayeniandikia hivyo nitamjibu vibaya. Nasema hivi: watu walishikwa mkono, wakaulizwa wala nini na kwa nini, wakaonyeshwa cha kununua kwa pesa waliyonayo. Hakuna aliyechekwa. Hiyo ndo ilikuwa tofauti yao na ile zahanati.

Na orodha yao ya chakula nikaiangalia nikacheka peke yangu. Samaki. Jamii ya kunde. Mboga za majani. Hivi si chakula cha nyanyangu? Kunde, bamia, mchunga, papa wa nazi, mbaazi. Tulivyo navyo tumeviita vya kimaskini, tukakimbilia chipsi. Lakini msinirudishe kwa yule mzee wa tamaa: nyanyangu alikuwa na shamba, na kuni, na saa nne za asubuhi. Mamangu ana dobi la watu wengine na saa ya kurudi usiku.

*

Basi mwataka nini, Bonge? Nitasema.

Kwa kaunti na serikali: 2020 jopo la afya ya akili, lililoongozwa na daktari Frank Njenga, lilipendekeza hali ya afya ya akili nchini itangazwe kuwa dharura ya kitaifa. 2022 APHRC na wenzao wakatoa uchunguzi wa vijana wa miaka 10 hadi 17 nchi nzima, wakakuta 44 kati ya 100 walikuwa na tatizo la afya ya akili katika mwaka uliopita. Umri wa dadangu kabisa huo. Na sisi huku ukisema "akili", unaambiwa Port Reitz. Kutoka Junda ni uvuke daraja la Nyali, ukate kisiwa kizima, uvuke Makupa, ufike Changamwe. Mtoto wa miaka 14 anayempa paka chakula chake atafikaje huko, na atamwambia nani nauli ni ya nini? Sitaki jengo la ghorofa. Nataka mshauri mmoja anayekaa kituo cha afya cha karibu siku mbili kwa wiki, na mzani uwekwe nyuma ya pazia. Pazia jamani. Ni kitambaa tu. Na uwanja ubaki uwanja, na maji yatoke, na taa ziwake. Hizo zote ni dawa za unene na dawa za akili, hata kama mwaziita miundombinu.

Kwa wahudumu wa afya: wengi wenu ni wazuri na mmechoka, mwajua twawajua. Lakini kabla ya kumwambia mtu apunguze kula, muulize swali moja. "Kuna nini kinachokusumbua?" Ni sekunde tano.

Kwa watengeneza kontenti wenzangu wa Mombasa: nyinyi na mimi tuna kesi. Ile hesabu yetu naijua. Mtu mnene akianguka kwenye kiti ni laki moja. Mtu mnene akicheza chakacha ni laki mbili. Mtu mnene akieleza anavyojisikia ni watu 400, na 300 wanacheka. Mimi nimekula pesa hiyo, kwa hivyo siongei kama malaika. Lakini kila video yangu ilikuwa na watoto wanaitazama kwa simu za mama zao, na mmoja alikuwa chumba cha pili. Ukimchukua mtu barabarani bila yeye kujua ukamtia muziki wa kuchekesha, wewe si mchekeshaji. Una simu tu.

Kwa wafuasi wangu: tangu jana mmeondoka 1,140. Nendeni salama. Waliobaki, sitawapa ile picha ya "kabla" na "baada". Sijui kama nitapungua. Ninachofanya ni kidogo na hakina muziki. Usiku nikisikia kile kitu kifuani naamsha babangu badala ya kufungua mkate. Mara ya kwanza alidhani kuna mwizi. Sasa anaamka, tunakaa barazani, haongei sana, anavuta kikohozi chake tu. Alfajiri baada ya swala tunatembea mimi na yeye mpaka mikokoni, maji yakiwa yametoka, kisha twarudi. Yeye pia alikuwa hajatoka barazani tangu 2019. Sikuwahi kujiuliza yeye alikuwa anakula nini usiku, ama alikuwa halali.

Dadangu amerudi kula, si kila siku. Kuna mwalimu wake mmoja ambaye tumezungumza naye, ametusikiliza. Njia ni ndefu. Paka hana furaha na sisi.

Komenti ziko wazi. Niulizeni, nipingeni, nileteeni takwimu zenu tuzichambue. Atakayetukana mwili wa mtu nafuta bila salamu.

Na mkipita kwetu, mimi nina jina, mamangu alinichagulia vizuri. Ulizeni barazani, mzee atawaambia. Na yule mtoto akipita na sare yake, mwamkieni kwa jina lake pia.